Dari ya Mama Mjumbe

Mama Mjumbe alikuwa akisikiliza kesi huku anakuna nazi. Sijapata kumwona mtu mwingine aliyefanya hivyo, na sidhani kama ni chama kilichomfundisha. Wajumbe wengine wa nyumba kumi walikuwa na meza, na mmoja ng'ambo ya barabara alikuwa na kiti chenye mto. Yeye alikaa kwenye mbuzi yake katikati ya chumba cha mbele, sinia chini, nusu ya nazi mkononi, akawaambia wagomvi, "Haya semeni, mie nakuna." Mlalamikaji akieleza, nazi inakwenda kwaru, kwaru, kwaru. Ukiongopa, mkono unasimama. Hasemi kitu, anakutazama tu, anangoja. Nimeona wanaume wazima wakianza maelezo yao upya ili ile nazi iendelee kukunwa.

Jina lake nilikuwa nalijua, lakini hakuna aliyelitumia, hata wifi zake. Nami nilikuwa mpangaji wake pale Temeke, msichana niliyekuja kutoka Lindi kufanya kazi kiwanda cha nguo. Ukuta wa chumba changu ulipakana na chumba chake cha mbele, na nilipokuwa zamu ya usiku nililala mchana, saa zile zile ambazo watu walileta ugomvi wao. Kwa hiyo kesi za nyumba kumi nzima nilizisikia nikiwa kitandani, nitake nisitake. Nilijua nani kamwita nani mchawi, na nani kahamisha mpaka wa bustani ya mchicha kwa mguu.

Alikuwa mfupi, mweusi wa kung'aa, na sauti ambayo haikulingana na kimo chake. Alikuwa mkali wa foleni. Sukari ilipoletwa aligawa kwa kikombe kimoja chenye mkono uliovunjika, na shoga yake wa tangu utoto alisimama nyuma ya watu kama sisi wote. Mwezi mmoja sukari ilimwishia kabla hajafika kwake mwenyewe, akanywa chai ya chumvi wiki nzima, akitutazama kwa hasira kana kwamba sisi ndio tuliomwibia. Aliyekwenda kumpelekea kijiko kimoja cha huruma alifukuzwa nacho.

Lakini msimfanye mtakatifu. Alituhubiria kila Jumapili juu ya kujitegemea, na maji yake aliyachotewa na watoto wa mtaa kwa kuwakaripia. Alikataza umbeya kwa kauli kali sana, halafu jioni anakuja kukaa mlangoni kwangu, ananyoosha miguu, anauliza, "Enhe, mwanangu, huko kiwandani wanasemaje?" Alisema anasa ni adui wa taifa, na kabatini mwake alikuwa na seti ya vikombe vya udongo vyenye ukingo wa dhahabu ambavyo hakuna mgeni aliyepata kunywea. Mimi niliishi naye miaka, nikanywea bati. Nilikuwa nampenda, na siku nyingine alinichosha hata nikaanza kuulizia vyumba kwa watu.

Sasa niseme habari ya dari, maana huwezi kumsimulia mama yule ukaiacha dari yake.

Nyumba ile mumewe aliinunua kwa Mwarabu mmoja mwenye duka aliyekuwa anahamia mjini. Vyumba vyote vilikuwa wazi juu, ukilala unahesabu misumari ya bati, isipokuwa chumba cha mbele. Pale Mwarabu alipigilia fito chini ya boriti, akazipiga lipu ya chokaa na mchanga, akaisawazisha mpaka ikawa nyeupe na laini kama uji wa mchele uliopoa. Mume alipofariki dari ilikuwa bado nzima. Mvua za miaka iliyofuata ndizo zilizoiharibu. Mabati yalianza kuvuja penye misumari, chokaa ikalowa na kukauka, ikalowa na kukauka, ikafanya nyufa, na ufa mkubwa kupita yote ulikaa juu ya mkeka wa washtakiwa.

Siku moja aliletwa mtu aliyeshukiwa kuiba kuku. Aliinua mkono juu akaapa, "Wallahi, huyo kuku sijamwona hata kwa macho!" Kabla hajaushusha mkono, kipande cha lipu cha ukubwa wa chapati kikamdondokea mapajani. Nilikuwa kitandani, nikasikia kishindo, halafu sauti ya yule bwana: "Nilimla. Lakini sikumla peke yangu." Nilicheka peke yangu mpaka nikauma shuka.

Basi ikawa hadithi. Dari ya Mama Mjumbe inamjua mwongo. Watu wa nyumba kumi nyingine wakawa wanaomba kesi zao zisikilizwe kwake. Wengine walikiri mlangoni, kabla hata ya kuvua viatu. Mwanzoni alicheka kama mimi. Lakini kesi zilikuwa zinakwisha upesi, na yeye alikuwa mtu mwenye shughuli nyingi, akaanza kuongeza neno kwenye ufunguzi wake: "Haya semeni, mie nakuna, na dari inasikia." Alilisema kwa mzaha. Waliolisikia hawakulipokea kwa mzaha, naye aliliona hilo, akaendelea kulisema.

Jirani yetu wa nyumba ya nne alikuwa mchongaji wa vinyago, mtu wa kusini kama mimi, mpole, mwenye vumbi la mpingo kwenye nyusi. Jioni moja mkokoteni wa duka la ushirika ulileta debe la mafuta ya kula, tukaambiwa ni mgawo wa nyumba zetu kumi. Mama Mjumbe alikuwa mkutanoni. Mchongaji akasema liwekwe barazani kwake, atalilinda hadi asubuhi. Asubuhi debe halipo.

Wakati ule mafuta yalikuwa yameadimika miezi, tunakula mboga za kuchemsha. Watu walijaa chumba cha mbele, wengine wakasimama dirishani. Siku hiyo nilikuwa na mapumziko, nikaingia ndani. Mchongaji aliketi kwenye mkeka wa washtakiwa, mkewe nyuma yake na mtoto mgongoni.

"Mie sijaligusa," akasema. "Nililala, nikaamka, halipo. Sina neno jingine, Mama Mjumbe."

Nazi ilikuwa inakwenda. Nataka hili likumbukwe: mbuzi haikunyamaza, mkono wake haukusimama hata kidogo. Masikio yake yalikuwa yamemsikia mtu mkweli. Ndipo lipu ikadondoka. Haikuwa kubwa, ilimpiga begani ikapasuka, ikamwaga vumbi jeupe juu ya lile vumbi jeusi la mpingo.

Hakuna aliyepiga kelele. Watu waliguna tu, mguno mmoja wa chini, na mama mmoja akasema taratibu, "Lisemwalo lipo. Kama halipo, laja." Mchongaji akatazama juu, akamtazama Mama Mjumbe. Alingoja neno lake. Sote tulilingoja. Mama Mjumbe alisimamisha nazi, akafuta mikono kwenye kanga, akasema, "Kikao kimefungwa. Nendeni mkapike." Akaingia ndani.

Hakumhukumu. Ndivyo alivyojitetea kwangu jioni ile ile, kabla sijamuuliza. "Nimemhukumu mie? Umenisikia nikimhukumu?" Nikamwambia sikumsikia, akaondoka bila kukaa.

Mtaa ulijihukumia wenyewe. Bombani mke wa mchongaji alikuta ndoo zimesogezwa ili yake isigusane nazo. Watoto wakimwona mwanawe wanatazama juu, wanajifunika vichwa kwa mikono, wanakimbia. Hakuna aliyewatukana. Haukupita muda wakafunga mizigo yao, wakahamia Ukonga kwa ndugu wa mke. Mchongaji alikuja kuaga nyumba hadi nyumba, kama ada inavyotaka, na Mama Mjumbe siku hiyo alikuwa amekwenda sokoni. Alikuwa hana kawaida ya kwenda sokoni siku ile.

Debe lilionekana. Mtu wa mkokoteni alikuwa amekosea nyumba kumi. Alfajiri akarudi kimya kimya, akalibeba kutoka barazani bila kumwamsha mtu, akalipeleka kwa mjumbe mwenye kiti cha mto ng'ambo ya barabara. Yule mjumbe akalifungia chumbani, akapata simu ya msiba, akaenda Morogoro na ufunguo mfukoni. Aliporudi akafungua, debe hilo hapo, halijatobolewa.

Tulidhani mambo yamekwisha. Kumbe ndiyo kwanza yanaanza. Mgawo wetu nao ukaja, watu wakala mafuta, wakaramba vidole, wakasema, "Sawa, mafuta hakuiba. Lakini dari haikosei. Kuna jingine alilolifanya." Niliyasikia haya kwa masikio yangu, kwa watu wazima, wenye vyeti vya kisomo ukutani. Mama Mjumbe alipoyasikia ndipo aliposhtuka. Nilimwona usoni. Alikuwa amefuga kitu ndani ya nyumba yake akidhani ni paka.

Akaitisha mkutano. Akasimama mwenyewe chini ya ule ufa, mikono kiunoni, akatazama juu, akatangaza kwa sauti yake kubwa: "Mie ni mwanamume! Nina miaka kumi! Jana nimekwenda Ulaya kwa miguu nikarudi na samli!" Tukangoja. Hakikudondoka hata chembe. Watu walicheka mpaka machozi, na mzee mmoja fundi cherehani akainuka, akasema kwa adabu zote, "Mama Mjumbe, mbwa hamng'ati mwenye nyumba." Wote wakaitikia, "Naam!" Mkutano ukaishia hapo.

Wiki hiyo akatafuta siling bodi. Zilikuwa adimu kuliko mafuta. Alizipata za makombo kwenye jengo la ofisi lililokuwa linamalizika mjini, zile mbao nyepesi za jasi zilizovikwa karatasi pande mbili, moja ndefu, nyingine fupi, nyingine imekatwa pembe. Zilikuja juu ya mkokoteni zimefunikwa mkeka. Na fundi akaja na ngazi yake.

Fundi aligonga lipu kwa mpini wa nyundo, akasikiliza, akatikisa kichwa. "Mama, lipu hii imekufa. Tubomoe yote kwanza, tusafishe, ndio tupige bodi. Ukiifunika hivi hivi itaendelea kudondoka humo humo ndani, mzigo wote ukae juu ya bodi."

"Funika," akasema Mama Mjumbe.

"Nakwambia kama fundi, Mama."

"Nami nakwambia kama mjumbe. Mwenye duka mtaa wa pili ana kipande cha dari hii ndani ya droo yake, anasema kinazuia wezi. Mwingine kamshonea mtoto kwenye hirizi. Nikibomoa leo, kesho kila nyumba ina kipande, na kila nyumba itakuwa mahakama. Funika, baba. Isionekane, isigawanyike."

Fundi akafunika. Alitafuta boriti kwa kugonga, tup, tup, mpaka mlio ubadilike, akapigilia papi, zile mbao nyembamba za kushikia bodi, kwa misumari mirefu iliyopenya lipu ikashika boriti, kisha akapandisha bodi moja moja juu ya papi. Kazi aliifanya vizuri. Ila siku zote alizokuwa juu ya ngazi hakufungua mdomo. Watu walikuja mlangoni kumchokoza, "Fundi, utamaliza lini?" na yeye, fundi, mtu ambaye riziki yake ni neno "kesho", alibana misumari midomoni akatazama pembeni. Hakuwa tayari kulitamka neno hilo chini ya dari ile. Alipopigilia bodi ya mwisho alishuka, akatema msumari, akavuta pumzi, akasema, "Rangi nitakuja kupaka kesho." Hakurudi tena.

Kwa hiyo dari mpya ilibaki na rangi ya karatasi, viraka viraka, na mtaa ukapata la kusema: Mama Mjumbe ameiziba kwa sababu inamjua yeye. Kesi zikawa ngumu tena, watu wakarudi kuongopa kwa raha zao, na shauri lililokuwa likiisha kwa nusu kifuu likawa la nazi tatu. Sijui tulikula wali wa nazi kiasi gani mwaka ule. Alikuwa anachoka, naona. Nikamwambia siku moja kwamba alikuwa na silaha nzuri akaitupa. Akanijibu bila kuinua macho, "Silaha gani hiyo inayompiga asiyeiba? Nyamaza, nakuna." Na ile methali ya lisemwalo lipo akaipiga marufuku chumbani mwake. Aliyeitamka alitolewa nje, hata awe shahidi.

Palibaki jambo moja, nalo alilichelewesha. Jumapili moja akanigongea, amevaa kanga mpya, akasema twende Ukonga.

Tulimkuta mchongaji chini ya kibanda cha makuti, anapiga patasi. Aliinuka, akamwamkia shikamoo kwa heshima, akatupa vigoda, akarudi kwenye kazi yake. Mkewe alituitikia kutoka ndani, hakutoka.

"Nimekuja unifuate nyumbani," Mama Mjumbe akasema. "Nataka niseme mbele ya watu."

"Mie siji kukaa chini ya ile dari, Mama."

"Nimeifunika."

Patasi ikasimama. "Umeifunika, au umeiondoa?"

Ningekuwa mimi ningedanganya. Yeye akasema, "Nimeifunika."

Mchongaji akaufikiri ule ukweli, akaupuliza ubao wake vumbi, akasema atakuja Jumapili ya pili. Na alikuja, peke yake, mke na mtoto hakuwaleta. Chumba kilijaa kuliko siku ya debe. Mama Mjumbe hakukalia mbuzi. Alisimama, mikono haina kazi, na kwa mara ya kwanza nilimwona hajui aiweke wapi.

"Huyu hakuiba," akasema. "Mnajua hakuiba. Lakini hamjui hili: nilijua siku ile ile. Nilimsikia anasema kweli, na mkono wangu ulikuwa unakuna. Ile ilikuwa lipu. Mabati yanavuja, chokaa inalowa, inadondoka, basi. Nikanyamaza kwa sababu mlikuwa mnaiogopa dari, na nyie mkiogopa mie napumzika. Kosa ni langu. Lisiwe lake."

Fundi cherehani alijikohoza, lakini safari hii hakusema kitu. Mama Mjumbe akaenda kabatini, akatoa kikombe chenye ukingo wa dhahabu, akammiminia mchongaji chai kwa mkono wake. Mchongaji akanywa taratibu, akakimaliza, akakiweka chini kwa uangalifu. Akatazama juu, kwenye viraka vya bodi, kwa muda. Akasema, "Ahsante kwa chai, Mama. Kwaherini." Akaenda zake. Watu walimsindikiza hadi barabarani, wanamshika mkono, wanaulizia mkewe. Hakurudi kuishi Temeke.

Tangu siku hiyo Mama Mjumbe alipenda kusema, "Yule bwana alinisamehe." Alimwambia kila mgeni. Alimwambia hata mtu wa mkokoteni.

Mimi niliolewa, nikahamia Kinondoni, nikawa naenda kumwona kwa nadra, kisha kwa nadra zaidi. Mara ya mwisho nilimkuta amekwisha kuacha kazi ya ujumbe. Mbuzi ilikuwa imeegemezwa ukutani, ubao wake umekauka. Macho yalikuwa yamefifia lakini sauti ilikuwa ile ile, akanikaripia kwa kukonda, akanikaripia kwa kuchelewa kuja. Akamwambia mjukuu atoe vile vikombe. Nilikishika kile cha kwangu kwa mikono miwili, nikiona haya kama bibi harusi. Juu, bodi zilikuwa zimeshuka katikati zikafanya tumbo. Fundi alisema kweli, ile lipu ilikuwa imedondoka humo ndani miaka yote, kidogo kidogo.

Tukazungumza ya zamani, tukacheka habari ya kuku. Kisha akasema, "Mchongaji amefariki. Nilikwenda kuzika."

Nikampa pole. Nikamwambia ni heri walipatana mapema.

"Eh," akasema. "Alinisamehe."

Juu yetu kitu kikadondoka ndani ya dari, tup, kikabiringika kidogo juu ya bodi, kikatulia.

Nilitaka kucheka. Nikamtazama, nikaona yeye hacheki. Alikuwa ameinua uso, macho yale yasiyoona vizuri yamekaza juu, na mkono wake uliokuwa unapapasa kanga umesimama.

"Ni lipu tu, Mama," nikamwambia.

"Najua ni lipu," akasema. "Si ni mie niliyewaambia?"

Nje mtu alikuwa anauza mkaa, akapita na sauti yake mpaka ikapotea. Chai yangu ikapoa mkononi.

"Hakuniambia kitu, mwanangu," akasema mwishowe. "Alikunywa chai tu, akaniaga."